Spana ya Spa-Francorchamps: Uokoaji Hupangwa Kabla ya Ajali

Msemo kwamba ajali haina kinga umezoeleka mno katika mazungumzo ya Waswahili, na mara nyingi hutumika kuufunga mjadala badala ya kuufungua. Mtu akiisha kuutamka, huonekana kana kwamba hakuna la kuuliza zaidi. Tiba ya dharura, hata hivyo, haiwezi kuukubali msemo huo bila kuuwekea mpaka. Madhara ya ajali huja kwa mafungu mawili: yale yanayotokana na kishindo chenyewe, na yale yanayotokana na muda unaopita kati ya kishindo na matibabu. Fungu la kwanza huenda kweli likakosa kinga. Fungu la pili ni kazi ya binadamu, na binadamu ndiye anayepaswa kulitolea hesabu. Tofauti hiyo ilionekana waziwazi katika mbio za magari za Ubelgiji za mwaka 1966.

Mbio hizo za langalanga zilifanyika tarehe 12 Juni huko Spa-Francorchamps. Wakati huo mzunguko wake ulikuwa na urefu wa takriban kilomita 14, nao haukuwa uwanja uliojengwa kwa ajili ya mashindano. Zilikuwa barabara za kawaida za mashambani, zilizofungwa kwa muda, zikipita kando ya nyumba, miti na nguzo za simu. Kwa sababu ya urefu huo, upande mmoja uliweza kuwa mkavu huku upande mwingine ukinyeshewa. Ndivyo ilivyotokea siku hiyo. Magari yaliondoka kwenye lami kavu, na kabla ya kumaliza mzunguko wa kwanza yakaivamia mvua yakiwa katika mwendo mkali. Takriban nusu yake hayakurudi mahali yalipoanzia.

Miongoni mwa waliotupwa nje ya barabara alikuwa Jackie Stewart, Mskochi aliyetimiza umri wa miaka 27 siku moja tu kabla ya mashindano. Gari lake la BRM liliteleza katika kona ya Masta, mahali ambapo madereva walipita kwa zaidi ya kilomita 200 kwa saa, likaigonga nguzo na jengo la shambani. Stewart alinasa ndani, usukani ukiwa umembana, huku petroli ikivuja kutoka kwenye matangi yaliyopasuka na kumlowesha mwili mzima. Cheche moja ingetosha kuyamaliza maisha yake.

Waliomfikia hawakuwa waokoaji walioandaliwa kwa kazi hiyo. Walikuwa madereva wenzake, Graham Hill na Bob Bondurant, ambao nao walikuwa wamepoteza mwelekeo karibu na hapo. Ili kumtoa, iliwalazimu kuufungua usukani, na kwa kuufungua walihitaji spana. Hapakuwa na spana. Ilibidi waiazime kutoka kwa mtazamaji aliyekuwa na vifaa katika gari lake. Stewart alikaa ndani ya petroli kwa takriban dakika 25.

Petroli haihitaji kuwaka ili iumize. Ikikaa juu ya ngozi kwa muda mrefu, huyeyusha mafuta ya asili yanayoikinga ngozi na kusababisha majeraha yanayofanana na ya moto. Mvuke wake ukivutwa huwasha njia ya hewa na kuleta kizunguzungu. Kwa hiyo majeruhi wa namna hiyo huvuliwa nguo zilizolowa mara anapofikishwa mahali salama, kisha huoshwa kwa maji mengi. Hill na Bondurant walimvua nguo. Hayo mengine yalipaswa kuendelezwa na mfumo wa mashindano, na mfumo huo haukuwapo. Kwa masimulizi ya Stewart mwenyewe, katika kituo cha huduma ya kwanza machela yake iliwekwa sakafuni penye vipande vya sigara. Na gari la wagonjwa lililompeleka Liège likaachana na msafara wa polisi uliokuwa ukiliongoza, likapotea njia. Alikuwa amevunjika mtulinga na kupata majeraha mengine. Alipona, lakini haikuwa kwa sababu ya maandalizi ya waandalizi.

Kumbukumbu za mchezo huo zinamtaja John Surtees, aliyeibuka mshindi kwa gari la Ferrari. Kwa wanaoshughulika na afya, hata hivyo, lililo kubwa zaidi ni yale Stewart aliyoyafanya alipopata nafuu. Alifunga spana kwenye usukani wa gari lake. Alidai mikanda ya usalama, vizuizi vya barabarani, vifaa vya kuzimia moto na madaktari wenye ujuzi. Mwaka 1967, Louis Stanley wa timu ya BRM alianzisha huduma ya hospitali inayotembea kwa ajili ya mbio hizo. Mwaka 1969 mashindano ya Spa hayakufanyika, baada ya madereva kukataa kushindana katika barabara ambayo haikuwa imeimarishwa.

Madai hayo hayakupokelewa kwa shangwe. Wapo waliosema kwamba hatari ndiyo ladha ya mchezo, na kwamba anayeiogopa atafute kazi nyingine. Hoja hiyo inachanganya ujasiri na uzembe. Dereva huchagua kwenda kasi. Hachagui kungoja dakika 25 kwa kukosa kifaa kinachopatikana katika gereji yoyote. Ujasiri wake haumwondolei mwandalizi wajibu wake.

Gharama ya kuchelewa kulielewa jambo hilo ililipwa na watu waliokuwamo katika mbio zile zile. Lorenzo Bandini, aliyeshika nafasi ya tatu siku ile, alinasa ndani ya gari lililowaka moto Monaco mwezi Mei 1967 na kufariki siku tatu baadaye. Jo Siffert, mmoja wa walioanguka katika mzunguko ule wa kwanza wa Spa, alifariki Brands Hatch mwaka 1971. Ilibainika kwamba kilichomuua ni moshi alioubwia akiwa amenaswa, ilhali mitungi ya kuzimia moto ilishindwa kufanya kazi. Baada ya kifo chake ndipo magari yalipotakiwa kuwa na mfumo wake wa kuzimia moto na hewa ya kumwezesha dereva kupumua.

Mwezi Septemba 1978, huko Monza, Ronnie Peterson alitolewa motoni na madereva wenzake akiwa amevunjika miguu vibaya. Sid Watkins, bingwa wa upasuaji wa ubongo na mishipa ya fahamu aliyekuwa amekabidhiwa mwaka huo kazi ya kusimamia tiba ya mashindano, alizuiwa na askari kufika eneo la ajali. Peterson alifariki siku iliyofuata, kwa matone ya mafuta yanayotoka katika uboho wa mifupa iliyovunjika, yakaingia katika damu na kuziba mishipa midogo ya viungo muhimu. Watkins alidai awepo daktari wa usingizi, helikopta, na gari la daktari litakalofuata magari ya mashindano katika mzunguko wa kwanza. Utaratibu wa gari hilo unaendelea hadi leo. Tangu Spa ilikuwa imepita miaka 12.

Kisa hiki kinamhusu hata asiyefuatilia langalanga. Barabara za Spa zilikuwa barabara za watu wote, na walioifikia ajali kwanza walikuwa wapita njia kwa maana halisi ya neno hilo. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba ajali za barabarani huua takriban watu milioni 1.19 kila mwaka, na zaidi ya tisa katika kila vifo kumi hutokea katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Tanzania imepiga hatua katika mlango wa hospitali: idara ya tiba ya dharura ya Muhimbili ilifunguliwa mwaka 2010, na wataalamu wa fani hiyo wanafundishwa nchini. Lakini kati ya eneo la ajali na mlango huo, majeruhi wengi bado wamo mikononi mwa abiria wenzao, waendesha bodaboda, wakulima wa kando ya barabara na askari wa usalama barabarani. Hao ndio akina Hill na Bondurant wa barabara hizi. Wana moyo wa kusaidia. Swali ni kama wamepewa spana.

Spana hiyo ina sura nyingi. Ni maarifa ya kuzima injini na kuwazuia wavutaji sigara wasisogelee petroli iliyomwagika. Ni kujua kwamba majeruhi havutwi ovyo kutoka garini isipokuwa moto au hatari nyingine inamkabili, na kwamba akihamishwa, kichwa na shingo hushikiliwa visipinde. Ni kukandamiza kwa nguvu kidonda kinachovuja damu. Ni dereva wa gari la wagonjwa anayeijua njia, na hospitali iliyoarifiwa kabla majeruhi hajafika.

Itasemwa kwamba fedha ni haba. Helikopta ni ghali, hilo halina ubishi. Hata hivyo, lililokosekana Masta halikuwa helikopta. Mafunzo ya huduma ya kwanza yanaweza kuwa sharti la kweli, lenye mtihani wa vitendo, kwa kila anayeomba leseni ya kubeba abiria. Vijiwe vya bodaboda vilivyo karibu na kona zinazojulikana kwa ajali vinaweza kufundishwa na wauguzi wa kituo cha afya cha jirani. Kila wilaya inaweza kuandika mapema nani ataitwa, ataleta nini na majeruhi atapelekwa wapi. Vyuo vya tiba vinao walimu wa kuyafundisha hayo, na halmashauri zinayo mamlaka ya kuyataka. Kwa barabara ambazo ajali zake zinajulikana hata kwa kona, kungoja ajali nyingine ndipo spana itafutwe hakuwezi kuitwa bahati mbaya.