Theluji yetu ni tope la Kilosa

Leo naiweka siasa pembeni. Nataka tuzungumze kuhusu kitufe kimoja kidogo kilichopo kwenye magari mengi tunayopanda kila siku. Madereva wengi hawajawahi kukigusa. Wengine wakishakigusa hawakirudishi. Makundi yote mawili yananitisha, na nitawaeleza kwa nini.

Ilikuwa masika ya mwaka 2024, ule msimu wa El Nino. Mhariri alinituma Kilosa kufuatilia habari za mashamba yaliyoliwa na maji. Anayeifahamu Kilosa anajua kuwa maji pale si habari ngeni. Desemba 2009 na Januari 2010 mto Mkondoa ulivunja tuta, ukaingia kwenye makazi ya watu na kuisomba reli ya kati. Nilipomaliza kazi nilitakiwa kwenda Mikumi, nikapata Noah iliyokuwa inapitia Ulaya. Njiani alipanda mama mmoja mwenye mtoto wa kama miaka miwili. Mtoto alikuwa anachemka kwa homa. Alikuwa anawahishwa hospitali Mikumi.

Barabara tuliyopita ilikuwa ya udongo. Kwenye mabonde udongo ule ni mweusi, wa mbuga. Ukikauka unapasuka nyufa, ukilowa unakuwa kama sabuni, na unaganda kwenye tairi mpaka kashata zote zinapotea. Tairi linabaki laini kama chungu.

Tukakwama. Dereva akasema tushuke tusukume, tukasukuma. Jambo la ajabu ni hili: kila dereva alipokanyaga mafuta, injini ilinguruma kidogo kisha ikanyamaza yenyewe, kama mtu aliyezibwa mdomo. Kwenye dashibodi taa ya njano ilikuwa inawaka na kuzima, ile yenye picha ya kigari kinachoacha alama mbili za kupindapinda nyuma yake. Dereva akasema tatizo ni pampu ya mafuta, fundi alishamwambia. Abiria mmoja akasema ni mafuta machafu. Mwingine akasema gari halitaki tu. Mama alikaa pembezoni mwa barabara, kamfunika mtoto kwa kanga, hasemi neno.

Saa mbili zilipita hivyo. Mbele yetu kulikuwa na Fuso lililokwama pia. Dereva wake, mzee wa makamo, akaja kwa miguu, ndala mkononi. Akachungulia ndani ya Noah, akaitazama ile taa, akamwambia dereva wetu: "Dogo, hicho kidude kinakubana. Kizime." Akaingiza mkono, akakibonyeza kitufe fulani na kukishikilia kama unavyohesabu moja, mbili, tatu. Taa nyingine ikawaka na kutulia. Akatuambia abiria wawili tukae viti vya mbele, wengine wasukume. Akasema ingia gia ndogo, kanyaga mafuta taratibu, usiachie. Tairi zikazunguka, tope likaturukia mpaka usoni, gari likatambaa, likatoka.

Hapakuwa na pampu mbovu wala mafuta machafu. Gari lilikuwa linafanya kile lilichofundishwa kufanya.

Nieleze kwa lugha nyepesi. Magari mengi ya kisasa yana vipimo kwenye kila tairi vinavyohesabu mizunguko. Kompyuta ikiona tairi linalosukuma gari linazunguka kwa kasi kuliko mengine, inajua linateleza. Hapo inashika breki ya tairi hilo na kupunguza nguvu ya injini, hata kama wewe umekanyaga mafuta mpaka mwisho. Kwenye lami yenye maji hilo ni jambo jema sana. Lakini kwenye tope zito unahitaji tairi lizunguke, lijisafishe, lichimbe mpaka lipate pa kushika. Kompyuta ikikata nguvu wakati huo, gari linakaa. Ndiyo maana wenyewe waliolitengeneza waliweka kitufe cha kuzima. Vitabu vya magari vinasema wazi: ukikwama kwenye theluji, mchanga au tope, zima.

Theluji, ndugu zangu! Mtanzania akisoma neno hilo anafunga kitabu, maana theluji yetu iko kileleni Kilimanjaro na hakuna Noah inayopanda huko. Na wala kitabu chenyewe hatusomi, kwa sababu magari mengi ya mitumba hutujia kutoka Japani, na kama kitabu kimo kwenye droo, kimeandikwa Kijapani. Hakuna aliyemwambia dereva wa Kilosa kuwa theluji anayozungumzwa ndani ya kitabu kile ni tope lake yeye.

Sasa nije kwenye nusu ya pili ya safari, ambayo ndiyo iliyonifanya niandike.

Tulifika Mikumi jioni. Mama akateremka, akakimbia na mwanawe, akapokelewa. Dereva aliapa harudi Kilosa kwa njia ile, angezunguka kwa lami kupitia Morogoro. Nami nilikuwa naelekea huko, nikabaki garini. Wakati abiria wanashuka hakuzima injini. Niliiona ile taa ya kuonyesha mfumo umezimwa bado inawaka. Nikamwambia: "Kaka, kile kitufe hujakirudisha." Akacheka. "Mwandishi, achana nacho. Hujaona gari lilivyokuwa jepesi?"

Barabara ya kutoka Mikumi kwenda Morogoro inapita katikati ya hifadhi, kiasi cha kilometa 50. Jua lilikuwa linazama na mvua ya rasharasha ilikuwa inaendelea. Kundi la swala likakatiza. Dereva alikwepa kwa kuvuta usukani ghafla, kisha akaurudisha ghafla vilevile. Makalio ya gari yakakataa kufuata. Tuliserereka, tukavuka upande wa pili, tukasimama ukingoni tukiwa tumetazama Mikumi tulikotoka. Dakika moja baadaye semi lilipita pale pale tulipovukia. Dereva aliweka kichwa juu ya usukani, hakusema kitu kwa muda mrefu.

Siwezi kuapa kwamba mfumo ungekuwa umewashwa tusingeserereka. Tairi za gari lile zilikuwa zimechoka na mwendo haukuwa mdogo. Hakuna kompyuta inayoweza kumshinda dereva aliyeamua kufa. Lakini hiyo ndiyo kazi hasa uliyotengenezewa. Kompyuta inalinganisha upande ulikoelekeza usukani na upande gari linakokwenda. Zikipishana, inashika breki ya tairi moja peke yake, labda la mbele kushoto, labda la nyuma kulia, ili kulirudisha gari kwenye mstari. Wewe dereva una pedali moja ya breki kwa tairi zote nne. Hata uwe bingwa wa mbio za magari, kazi hiyo huwezi kuifanya kwa mguu.

Mfumo huu ulianza kuuzwa kwenye magari ya kifahari mwaka 1995, Mercedes-Benz na Toyota wakiwa miongoni mwa wa kwanza. Miaka miwili baadaye, 1997, waandishi wa jarida moja la magari la Sweden walikuwa wanalijaribu gari dogo jipya, Mercedes A-Class. Jaribio lao lilikuwa la kukwepa ghafla kisha kurudi kwenye mstari, kama dereva anayemkwepa mnyama mkubwa wa misitu ya kule, jamii ya kulungu. Gari likapinduka. Ikawa aibu ya dunia nzima, na Mercedes wakalazimika kuweka mfumo huu kwenye kila gari la aina hiyo. Baada ya hapo ulishuka kutoka kwa matajiri mpaka kwa watu wa kawaida. Marekani iliufanya kuwa lazima kwa magari madogo yote mapya kuanzia matoleo ya mwaka 2012, na Ulaya ikakamilisha kwa magari yote mapya mwaka 2014. Tafiti za Marekani zilionyesha kuwa unapunguza kwa takriban nusu hatari ya ajali za vifo zinazohusisha gari moja.

Mnaona ninakoelekea? Kinga hii ilipata umaarufu kwa sababu ya mnyama anayekatiza barabara. Sisi tuna barabara kuu inayopita katikati ya hifadhi yenye tembo, twiga, nyati na swala wasio na idadi. Kama kuna nchi inayohitaji kitufe hicho kiwe kimewashwa kwenye lami, ni hii yetu. Na kama kuna nchi inayohitaji dereva ajue kukizima kwenye tope, ni hii hii.

Ndiyo maana sikubaliani na pande mbili za mabishano niliyoyasikia tangu siku ile. Wapo wanaosema: "Kamwe usiguse, mzungu alijua alichoweka." Hao ndio watakaolala porini na mgonjwa. Wapo wanaosema: "Zima moja kwa moja, dereva wa kweli haongozwi na kompyuta." Hao ndio watakaotuzika. Na wapo mafundi ambao taa ikiwaka yenyewe kuonyesha hitilafu, wanaichomoa balbu ili mteja asisumbuke macho. Hao sina la kuwaambia hapa, watoto nao wanasoma.

Nilichojifunza kwa kuuliza mafundi na kusoma ni hiki. Kwenye Toyota nyingi, ukikibonyeza kitufe mara moja unazima ule udhibiti wa tairi kuzunguka bure tu, na mara nyingi hiyo inatosha kwenye tope. Ukikishikilia zaidi ya sekunde tatu gari likiwa limesimama, unazima na ule wa kuzuia kuserereka. Taa ya kigari ikiwaka na kuzima wakati unaendesha, mfumo uko kazini. Ikiwaka moja kwa moja bila wewe kugusa kitu, kuna hitilafu, nenda kwa fundi anayejua. Kwa kawaida ukizima injini na kuwasha upya, mfumo unarudi wenyewe. Dereva wangu angezima injini dakika moja tu pale Mikumi, tungekuwa na hadithi nyingine.

Na si kila tope linataka uzime. Tairi moja likiwa hewani au kwenye shimo na mwenzake amekanyaga pakavu, acha mfumo ufanye kazi, maana ukishika breki ya lile linalozunguka bure, nguvu inahamia kwa lile lenye pa kushika. Na kwa gari linalovutwa na tairi za mbele, kama Noah nyingi zilivyo, uzito ukiwa mbele linashika zaidi. Ndiyo akili ya yule mzee wa Fuso kutukalisha viti vya mbele. Sisi tulikuwa tumejazana nyuma tunasukuma kwa hasira.

Sasa hoja yangu. Elimu hii yule mzee aliipata wapi? Kwa kukwama, bila shaka, miaka na miaka. Hatuwezi kuendelea kuisambaza kwa njia hiyo. Wengi wetu tulifundishwa gari kwenye magari ya zamani yasiyo na mfumo huu, tukafanya mtihani wa alama za barabarani, tukapewa leseni, kisha tukakabidhiwa gari lenye kompyuta. Ni kama kumfundisha mtu baiskeli na kumpa pikipiki.

Sidai makubwa. Shule za udereva ziongeze somo la saa moja: taa za dashibodi zinasema nini na vitufe vile ni vya nini. Anayeuza gari la mtumba ambandikie mteja karatasi moja ya Kiswahili: kwenye tope zima, kwenye lami washa. Askari wa usalama barabarani, ambao hukagua tairi na mikanda ya abiria, waitupie jicho na taa hiyo ya njano wanapolisimamisha gari la abiria. Kuichungulia ni sekunde tano.

Najua kuna atakayesema: jenga barabara, acha habari za vitufe. Nakubaliana naye, tena kwa sauti kubwa. Kitufe si barabara. Mtoto mwenye homa hastahili kusubiri saa mbili kwenye tope eti kwa sababu dereva hakusoma kitabu cha Kijapani. Lakini hata lami ikifika kila kijiji, swala wa Mikumi hawatahama, na mvua ya masika haitaacha kunyesha.

Wewe unayesoma hapa na una gari, kesho asubuhi kabla hujaliwasha, tafuta kitufe hicho. Mara nyingi kipo karibu na usukani, kina picha ya kigari kinachoserereka. Kama wewe ni abiria kama mimi, na umetoka topeni ukaingia lami, muulize suka kwa heshima kama amekirudisha. Akikucheka kama nilivyochekwa mimi, muulize tena. Mimi sikuuliza mara ya pili, na nusura nisiwepo kuandika haya.

Naomba kutoa hoja.