Sehemu ya 6: Boxer, mlima wa Chome na mguu wa mtoto

Mama zangu, leo naongelea pikipiki, msinicheke.

Wanaume huku mtandaoni wanasifia Harley-Davidson za Marekani: injini cc 1,800 na zaidi, uzito kilo 300 na kitu. Nzuri kwa lami. Hebu ilete njia ya Chome siku ya mvua tuone! Boxer BM 150 ni kama cc 145 tu, nyepesi, inapozwa na upepo, mafuta inakula kidogo. Mi naiheshimu, imeshusha wajawazito wengi hadi Same.

Ila siti yake ni ya dereva na abiria mmoja. Mtoto hafikii vikanyagio, miguu inaning'inia, na ekzosi iko kulia, ikishapanda mlima inachoma kama pasi. Kumkalisha kwenye tangi ndiyo mbaya kabisa: mkigonga, yeye ndo anatangulia. Mshikaki siukubali, hata kama nauli ni moja.

Mshukie kushoto. Mtoto avae suruali. Akiungua, maji safi ya kutiririka dakika 20, yasiwe ya barafu. Dawa ya meno msipake, wala unga. Malengelenge msitumbue, mleteni tumwone.