Sabuni ya dawa ilinipa kichwa, jipu likaniumbua!

Leo sina la kukuchekesha sana. Nina kesi, na mshitakiwa ni mimi mwenyewe.

Wanaonijua hapa mtaani kwetu Magomeni wanajua mimi ni mtu wa usafi. Tena usafi wa kukera! Sabuni ya kuogea ya dawa, ya kunawia ya dawa, ya kupigia deki ya dawa. Nikiona tu pakiti imeandikwa "inaua vijidudu asilimia 99.9", mfuko unafunguka wenyewe. Bi mkubwa alipokuja kutoka Tanga na kipande chake cha sabuni ya mche, nilimcheka. "Mama, hayo mambo ya kizamani!" Akanitazama tu, akaendelea kufua.

Basi bwana, kijana wa dada yangu, ana miaka saba, akatokwa na jipu pajani. Dada yuko kazini. Mimi, daktari wa kujipachika, nikakumbuka zile rangi mbili zilizobaki nilipoumwa jino. Nikapasua kidonge, nikakoroga unga wake kwenye uji. Siku mbili tu, jipu likanywea. Nikaacha. Nikajiona mjanja!

Wiki mbili baadaye kasheshe. Jipu limerudi kubwa kuliko mwanzo, mtoto anachemka homa, usiku anaita mama. Hospitali wakachukua usaha wakapeleka maabara. Majibu yakatoka: dawa mbili za kawaida hazimgusi huyo mdudu. Daktari akamgeukia dada: "Nani alimpa dawa nyumbani?" Dada akaapa hakumpa chochote. Akatazamwa kama mwongo. Na mimi je? Nilikuwa nimekazia macho bango la uzazi wa mpango ukutani, utadhani kesho nafanya mtihani.

Mtoto akapigwa sindano siku saba, akapona. Lakini mimi usingizi ukaniruka. Nikaanza kusoma, na nilianza na sabuni, maana ndiyo iliyonipa kichwa.

Jamani, kumbe! Dawa iliyotia fora kwenye sabuni hizi inaitwa triklosani. Mwaka 1998 huko Boston, Marekani, kundi la Profesa Stuart Levy lilionyesha kwamba triklosani haiui bakteria kiholela tu kama moto. Inakamata kimeng'enya kimoja ambacho bakteria anakitumia kutengeneza mafuta ya ngozi yake. Kimeng'enya kikibadilika kidogo, dawa inakosa pa kushika. Tena ndugu wa kimeng'enya hicho ndiye anayelengwa na isoniazidi, dawa ya kifua kikuu. Umeona mambo hayo?

Mwaka 2016 watafiti wa Oregon wakapima vumbi la jengo la michezo. Palipokuwa na kemikali hizi nyingi, ndipo walipokuta zaidi baadhi ya vinasaba vya usugu wa dawa. Haina maana kwamba kemikali ndiyo iliyoleta usugu, wenyewe walisema hivyo. Lakini vumbi letu la ndani kumbe lina wakazi, na wanaonja kila tunachomwaga.

Mwaka huohuo Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani ikapiga marufuku kemikali 19, triklosani ikiwamo, kwenye sabuni za kunawia na kuogea za majumbani. Sababu? Watengenezaji walishindwa kuthibitisha kwamba ni salama kutumia kila siku, na kwamba zinashinda sabuni ya kawaida na maji. Yaani kipande cha bi mkubwa! Sabuni yoyote inachomoa mafuta na uchafu, inapasua ngozi ya vijidudu vingi, maji yanabeba. Kwisha kazi.

Sasa usinielewe vibaya. Sabuni yangu haikumletea mtoto jipu. Wala siwezi kusema vile vidonge vyangu ndivyo vilivyomfundisha mdudu yule, huenda alikuja na usugu wake. Ila hesabu ni ileile: ukipiga adui nusunusu, dhaifu wanakufa, wagumu wanabaki na nafasi yote ni yao. Wanazaana. Na wabaya zaidi, bakteria hupeana vinasaba hata kwa wasio ukoo wao, kama vijana wanavyopeana majibu ya mtihani. Mwaka 2019 usugu huu uliua moja kwa moja watu wapatao milioni 1.27 duniani.

Kwa hiyo kwangu sheria zimebadilika. Mikono: sabuni yoyote, maji, sekunde 20. Madirisha wazi, hewa iingie. Jiki ina kazi yake, akitapika mgonjwa au kipindupindu kikibisha hodi, si kila asubuhi kwa kuona raha ya harufu. Sabuni ukinunua, geuza pakiti usome. Na vidonge vya kubaki kwenye droo? Nimevirudisha duka la dawa. Dawa ni ya aliyeandikiwa, na inamezwa kama daktari alivyoandika.

Limebaki moja. Dada, najua kila wiki unasoma ukurasa huu, tena unaanza na mimi. Siku ile ulitazamwa kama mwongo nami nikanyamaza. Ni mimi niliyempa. Kwenye uji, ukiwa kazini. Uso kwa uso nilishindwa, ndiyo maana naandika. Nisamehe. Ukitaka kunifokea, njoo, nitakuwa nafua kwa sabuni ya mche.

Kwa leo naishia hapa. Tukutane wiki ijayo, kama dada ataniacha hai!