PLASTIKI HAIPITISHI UMEME? HAPO NAKATAA!

Nina donge rohoni. Muhula uliopita nilipoteza alama mbili katika mtihani wa Fizikia. Tuliulizwa kama ni kweli plastiki zote hazipitishi umeme. Nikaandika, "Si kweli, zipo zinazopitisha." Nikapigwa mkasi wa wino mwekundu! Darasa zima likaangua kicheko. "Ati plastiki ipitishe stima!" akasema jirani yangu. "Si basi nyaya zote zingetumaliza?"

Kwa heshima zote kwa mwalimu wetu, ambaye nampenda kama mzazi, naomba kujitetea.

Plastiki inayofunika nyaya haipitishi umeme, hilo silipingi. Lakini plastiki si moja. Mwaka 1967 huko Tokyo, katika maabara alimofanyia kazi Hideki Shirakawa, mtafiti mgeni alikosea akatia kichocheo mara elfu moja zaidi ya kipimo. Badala ya unga mweusi, ukatokea utando unaong'aa kama fedha. Mwaka 1977 Shirakawa, akiwa Marekani pamoja na Alan MacDiarmid na Alan Heeger, waliutia utando wa aina hiyo mvuke wa iodini, na uwezo wake wa kupitisha umeme ukapanda mara mamilioni. Mwaka 2000 wote watatu wakapewa Tuzo ya Nobel ya Kemia. Je, hao nao wakatwe alama?

Tena si kupitisha tu. Mwaka 1990 wanasayansi wa Cambridge, Uingereza, waliipitishia umeme plastiki iitwayo PPV ikatoa mwanga, rangi ya kijani iliyochanganyika na manjano.

Na hapa ndipo mambo yanaponoga. Molekuli ya plastiki hizi ni mnyororo mrefu wa kaboni. Mwanga ukiipiga, elektroni huruka kutoka mahali pake na kuacha tundu. Elektroni na tundu hilo huvutana, hubaki pamoja kama ndugu waliokosana lakini nyumba ni moja. Jozi hiyo huitwa eksitoni. Sasa swali: inakaa mahali padogo, au inatanda juu ya mnyororo? Hebu fikiria blanketi bwenini kwetu. Limefunika kitanda kimoja, au limetandazwa juu ya vitanda sita kwa mpigo?

Msidhani ni swali la watu wasio na kazi. Anayetaka kuunda sola ya plastiki lazima ajue. Katika plastiki nyingi za aina hii eksitoni husafiri kama nanomita 10 tu kabla ya kufa, yaani takriban sehemu moja ya elfu kumi ya unene wa unywele. Isipofika kwenye mpaka ambapo elektroni itatenganishwa na tundu, hakuna umeme.

Lakini utapimaje kitu kisichoonekana? Kwa sumaku, jamani! Kila elektroni ni kama kisumaku kidogo. Mwaka 1944 Yevgeny Zavoisky, mjini Kazan, aligundua kwamba ukiiweka ndani ya uga wa sumaku na kuipigia mawimbi yanayofaa, itayanyonya. Katika eksitoni za aina iitwayo tripleti, visumaku viwili husukumana: vikikaribiana athari ni kubwa, vikitawanyika inapungua. Viini vya haidrojeni vilivyo jirani navyo husema yao; eksitoni ikitanda juu ya vingi, kila kimoja kinapata mgao mdogo. Basi kwa kusoma michirizi kwenye grafu, mtaalamu anaambiwa ukubwa wa blanketi bila kuingia bwenini! Na kwa kawaida tripleti hizo hazitandi sana kama ndugu zao, singleti.

Maoni yangu ni haya: neno "zote" ndilo lililoniponza, na ndilo linalofaa kufutwa katika madaftari yetu. Tuandike "nyingi". Mwanafunzi akisoma "zote" anafunga daftari na kwenda kucheza mpira. Akisoma "nyingi" atauliza, "Na hizo nyingine je?" Mimi niliuliza hivyo hivyo, ndiyo maana nikakosa!

Karatasi yangu ninayo bado, nimeikunja ndani ya kamusi. Wiki ijayo nitaipeleka ofisini pamoja na ukurasa huu. Mwalimu akiona vyema kunipa alama moja badala ya mbili, sitakataa.