Kasongo na Kabambare: chupa hubeba pesa, sahani huiacha nyumbani

Kinshasa, Lubumbashi na Goma zina watu wanaoandika orodha za mahali pazuri pa kula na kunywa: terasi mpya, samaki wa kuchoma, muziki wa Jumamosi, taa za rangi. Kusini mwa Maniema hakuna anayeandika orodha hiyo. Lakini wakaaji wa Kasongo na Kabambare wanakula na kunywa nje ya nyumba kila siku, sokoni, kando ya barabara na kwenye migodi ya dhahabu. Pesa inayopita kwenye meza hizo si kidogo. Swali ambalo halijaulizwa vya kutosha ni hili: pesa hiyo ikishapita mezani, inaenda wapi?

Ili kuelewa, ni vizuri kutazama kwanza miji iliyofaulu. Restora inasimama juu ya mafiga matatu: mteja mwenye mshahara, barabara inayoleta bidhaa, na umeme wa kuhifadhi nyama na samaki. Goma iliyapata yote, hata kama ni kwa njia ya msiba. Tangu wakimbizi wa Rwanda walipoingia 1994, mashirika ya misaada yalijenga ofisi huko, kisha Umoja wa Mataifa ukaleta wanajeshi na wafanyakazi wake. Mishahara ya dola ndiyo iliyojaza meza za Hoteli Ihusi na za Le Chalet, kando ya ziwa Kivu. Kinshasa nayo ilikuwa na nganda za Matonge na Bandal, ambako akina mama walipikia wafanyakazi wa mji na kuwauzia bia ya Bralima, kampuni iliyoanzishwa 1923.

Figa moja likiondoka, chungu kinamwagika. Januari 2025 waasi wa M23 waliteka Goma, na Februari wakateka Bukavu. Benki za Goma zilifungwa, uwanja wa ndege ukafungwa, na wateja wengi wa mishahara ya dola wakaondoka. Ghala za Bralima mjini Bukavu ziliporwa. Juni mwaka huo, Heineken, kampuni ya Uholanzi iliyokuwa na Bralima wakati huo, ilitangaza kwamba imepoteza usimamizi wa vituo vyake vya Bukavu na Goma na kuwaondoa wafanyakazi waliokuwa wamebaki. Mji unaosifiwa kwa terasi zake unaweza kuzipoteza katika mwezi mmoja.

Kasongo inaijua hadithi hiyo kuliko Goma, kwa sababu iliipitia zaidi ya miaka 130 iliyopita. Katika karne ya 19, Kasongo ilikuwa makao ya Tippu Tip na baadaye ya mwanawe Sefu. Njia ya misafara ilitoka Ujiji, ikavuka ziwa Tanganyika, ikapita Kabambare na kufika Kasongo na Nyangwe. Ni kwa njia hizo za wafanyabiashara ambapo Livingstone alifika Kabambare mwaka 1869. Jeshi la Dhanis lilipoiteka Kasongo Aprili 1893, daktari Mwingereza Sidney Hinde alikuwamo. Katika kitabu chake cha 1897 alieleza mji wenye sukari, kahawa, mishumaa, bilauri za kioo na magodoro ya hariri, na mashamba ya mpunga, miwa na matunda pembeni yake.

Meza hiyo ilikuwa na bei yake. Bilauri zilifika juu ya vichwa vya wapagazi, na pembe za ndovu zilizozilipia zilitoka kwenye vijiji vilivyochomwa na watu waliofungwa minyororo. Njia ilipokatwa, bilauri ziliisha. Kitu kilichobaki ni kile kilichopandwa ardhini: mpunga. Waungwana waliuleta, wakulima wa Maniema wakaufanya wao, na mpaka leo mchele wa jimbo hili unaliwa mbali na hapa. Kilicholetwa kutoka mbali kilipita. Kilicholimwa hapa kilibaki.

Leo Kasongo ina chakula chake na ina watu wanaojua kukipika. Wali wa mchele mpya, samaki wa Lualaba, sombe ya mawese, bugali wa muhogo, mbuzi wa kuchoma: hakuna hata kimoja kinachohitaji kuagizwa. Sehemu kubwa ya kazi hii iko mikononi mwa akina mama wanaopika mchana chini ya paa la turubai au la majani, wakaanza kabla ya jua kuchomoza na kufunga chungu kinapoisha. Wateja wao ni wamotari, wachuuzi, walimu, wanafunzi na wasafiri. Hawana kibao mlangoni, lakini wao ndio restora za mji.

Kinachowakosesha kukua kinajulikana. Kutoka Kindu mpaka Kasongo ni zaidi ya kilomita 200 za udongo, na wakati wa mvua safari inahesabiwa kwa siku. Reli ya SNCC inayotoka Lubumbashi kupitia Kabalo na Kongolo hadi Kindu iko ng'ambo ya Lualaba, kwa hiyo mzigo wa treni lazima uvuke mto kabla ya kufika Kasongo. Mwenye kutaka friji anategemea jenereta au paneli za jua. Mama anayeuza samaki bila baridi hawezi kununua wa siku tatu hata akipata bei nzuri. Ananunua wa leo, anauza wa leo, na wasipoisha anapata hasara. Ndiyo maana biashara yake inabaki ndogo hata pale wateja wanapoongezeka.

Bia haina shida hiyo. Chupa haiozi. Inaweza kukaa wiki nzima kwenye lori lililokwama matopeni na bado ikauzwa, na gharama ya safari inaongezwa juu ya bei. Kwa hiyo barabara mbaya haiwaumizi wafanyabiashara wote sawasawa: inaua chakula kibichi na kuiacha chupa ipite. Anayejiuliza kwa nini terasi yenye Simba na Primus ni rahisi kufunguliwa kuliko restora yenye jiko zuri, jibu lake moja liko hapo.

Upande wa Kabambare jambo hili linaonekana wazi zaidi. Salamabila inaishi kwa dhahabu. Mgodi wa Namoya, uliokuwa wa kampuni ya Banro ya Kanada, ulitangaza kuanza uzalishaji wa kibiashara Januari 2016. Baada ya mashambulizi ya watu wenye silaha na utekaji nyara wa wafanyakazi mwaka 2019, kazi ilisimamishwa Septemba mwaka huohuo. Mishahara ya kampuni ikakatika, lakini wachimbaji wadogo waliendelea kuchimba. Mshahara wa mwezi unamfanya mtu ale mahali pamoja kila siku. Pesa ya shimo inakuja kwa ghafla na inatumika kwa ghafla, na chupa ndiyo inayoipokea haraka zaidi.

Hapa inafaa kufuata njia ya noti moja. Mchimbaji akilipa sahani ya wali na samaki, sehemu ya noti inaenda kwa mama aliyepika, nyingine kwa mvuvi, kwa mkulima wa mpunga, kwa mkamuaji wa mawese, kwa muuza kuni na makaa. Wote ni watu wa teritwari hizi mbili au za jirani, na kesho yake wanalipa karo ya shule hapohapo. Akilipa chupa ya bia, mwenye terasi anabaki na faida yake, mwenye lori anachukua yake, vizuizi vya njiani vinachukua vyao, na sehemu kubwa inarudi kwa kiwanda kilicho mbali sana. Dhahabu yenyewe tayari imeondoka kuelekea nje ya nchi. Chupa inaifuata na chenji.

Pombe ya kienyeji haitoi jibu. Ni kweli lotoko inatengenezwa kwa mahindi na muhogo wa hapa, na pesa yake haiendi mbali. Lakini ni pombe kali isiyopimwa na mtu, na wanaoinywa kila siku wanaharibu afya ambayo ndiyo mtaji wao wa kwanza kazini.

Kuna jambo jingine ambalo orodha za miji mikubwa hazilifikirii. Zinahesabu mahali pazuri kwa bia na muziki wa usiku. Maniema ni jimbo ambalo Uislamu una mizizi mirefu kuliko karibu popote nchini, na Kasongo ni moja ya vitovu vyake. Mteja asiyekunywa pombe yuko, ana pesa, na mara nyingi ana familia anayetaka kuja nayo. Anahitaji mahali penye chai, pilau, maji safi ya kunawa, choo kinachofungwa, na kiti ambacho mkewe na watoto wanaweza kukalia bila usumbufu. Mahali hapo hapahitaji usiku mrefu, na hilo ni faida katika eneo ambalo watu wanakimbilia nyumbani mapema kwa kuogopa wenye silaha, wakiwemo Mai-Mai Malaika waliovuruga Salamabila kwa miaka.

Kwa hiyo kazi ya viongozi wa jimbo na wa teritwari haianzi na kujenga hoteli ya ghorofa. Inaanza na barabara. Kasongo na Kabambare zimo katika mpango wa serikali wa maendeleo ya teritwari 145, uliotangaza shule, vituo vya afya na barabara za mashambani. Wakaaji wana haki ya kuuliza kilomita zipi zimetengenezwa na zipi zimebaki kwenye karatasi, kwa sababu kila daraja linalosimama ni samaki anayefika mzima.

Ya pili ni vizuizi. Mwaka 2017 watafiti wa IPIS walihesabu vizuizi 798 katika Kivu mbili, ambako wanajeshi, waasi na watumishi wa serikali walidai malipo. Bidhaa zinazopanda kwenda Salamabila zinatoka kwa kiasi kikubwa upande huo na upande wa ziwa Tanganyika. Franka inayotolewa kwenye kizuizi inarudi kwenye bei ya sahani, na mnunuzi wa mwisho ndiye anayeilipa.

Ya tatu ni baridi na ushuru. Chumba kimoja cha barafu kinachoendeshwa kwa jua, kikisimamiwa na chama cha akina mama wa soko, kingebadilisha hesabu ya wapishi wengi kuliko hoteli yoyote. Na ushuru wa kila siku ungekuwa mmoja, wenye risiti, badala ya mikono mingi inayopita kabla chungu hakijachemka.

Mgeni akiuliza leo mahali pa kula Kasongo, atapelekwa mahali penye wali wa kunukia na samaki aliyevuliwa asubuhi, kwenye benchi bila kibao. Chakula hicho kingeweza kuwekwa mezani Matonge bila aibu. Ikiwa kitabaki cha benchi au kitajenga nyumba ya aliyekipika, hilo litaamuliwa barabarani kabla ya kuamuliwa jikoni.