Mbwa wa Kware ni wa Nani?

Wapo wanaodai kuwa sheria ya kulazimisha kila mbwa ahasiwe itapunguza mbwa koko Nairobi. Sikubaliani nao. Sheria humwadhibu mwenye mbwa. Lakini katika ploti za Kware, mbwa mmoja hulinda milango kumi na kulishwa makombo na wapangaji wote. Askari wa kaunti akija na faini, nani atakiri? Hapo ndipo mbwa huyo atakapogeuka koko kwelikweli.

Mkakati wa taifa wa 2014 unakusudia kukomesha vifo vya kichaa cha mbwa ifikapo 2030, kwa kuchanja asilimia 70 ya mbwa kila mwaka. Chanjo huhitaji mtu wa kumshika mbwa na kumpeleka. Mbwa aliyekanwa hachanjwi. Kuhasi kufanywe bure, kwa hiari, siku iyo hiyo ya chanjo.