Eti Mzee Hapati Sonona

Hoja hizi kuhusu sonona ya wazee mmezisikia misibani, barazani na redioni. Hukumu ni yenu. Mimi naleta ushahidi.

Wanaozitoa wanasema mzee akinyamaza, akikosa usingizi na kususa chakula, huo ni uzee tu. Kweli mwili huchoka. Lakini Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa takriban asilimia 14 ya watu wa miaka 60 na zaidi wana tatizo la afya ya akili, kama sonona. Kama uzee ndio chanzo, hao asilimia 86 wamesahau kuzeeka?

Inayofuata ndiyo kipenzi chao: Mwafrika hazeeki mpweke, ana ukoo, akifiwa na mwenzake, mlete mjini akae na wajukuu. Nia ni njema, sikatai. Sasa mchukueni mjane wa kijijini Usangi. Alikuwa na migomba, ng'ombe wawili, na ndoa za watu zilizomngoja azisuluhishe. Dar es Salaam geti limefungwa, mwanawe katoka alfajiri, wajukuu wako shule, na akigusa kikombe dada wa kazi anamwahi: "Bibi, wewe pumzika." Amepoteza mume, shamba, majirani na kauli, vyote ndani ya miezi michache, wao wanahesabu msiba mmoja. Tena hawa ndio waliotuambia kunyamaza kwake ni uzee. Kama ukoo unamkinga, mbona kanyamaza? Kama ni uzee, ukoo umemkinga na nini? Wachague moja.

Kisha kuna "kustaafu kunaua", na kila mtu ana mjomba wa kutolea mfano. Utafiti wa Whitehall, uliofuatilia watumishi wa serikali Uingereza, ulikuta afya ya akili ya waliostaafu iliimarika, lakini nafuu hiyo ikawaangukia wenye vyeo vya juu. Basi swali ni mtu anastaafu akiwa na nini mkononi. Mtumishi wa kawaida wa umma wa Tanzania anajua mapema kwamba akifika miaka 60 ni lazima aondoke. Mvuvi wa Kilwa hana tarehe. Anastaafishwa na mgongo, bila kiinua mgongo. Hoja yao haimwoni kabisa.

Imebaki ile ya kwamba mwenye imani hapati sonona. Ibada hufariji, na jirani wa msikitini au kanisani ni hazina. Ila wanaoileta hoja hii humeza vidonge vya presha kila asubuhi, na hakuna anayewaambia imani yao imepungua.